Supu ya Mwani Usiokatwa

Harufu ndiyo iliyomwamsha Geumrye. Haikuwa sauti ya Kongi, yule mwanasesere wa betri anayeongea, aliyeletewa na ofisi ya kata kwa kuwa ni mjane anayeishi peke yake, ambaye kila asubuhi humwamkia kama mtoto wa chekechea. Siku hiyo Kongi alikuwa bado kimya juu ya kabati. Ilikuwa harufu ya mafuta ya ufuta yaliyokaangiwa mwani, na kitunguu saumu, na nyuma yake chumvi ya bahari.

Akatabasamu kabla hajajua anatabasamia nini. Nani kisiwani Jindo asiyeijua harufu hiyo? Ni harufu ya siku ya kuzaliwa. Hata mtu awe hana mbele wala nyuma, siku aliyozaliwa lazima apikiwe supu ya mwani na mtu anayempenda.

Tabasamu likafa pale alipokumbuka kwamba nyumba nzima ni yeye na mwanasesere.

Akaketi kwenye godoro lake pale sakafuni, akaanza kupiga hesabu. Siku yake yeye ni mwezi wa nane, na sasa baridi ndiyo kwanza inakwisha, hata maua ya miplamu hayajapukutika. Dalsu, marehemu mumewe, alizaliwa wakati wa theluji, tena wafu hawapikiwi supu ya kuzaliwa. Mtoto hawakujaliwa. Alibaki mdogo wake Okim, na Okim akiiona tu supu ya mwani hulalamika tumbo linamsokota.

"Kongi," akaita, "kuna nani jikoni?"

"Hakuna mtu jikoni, Bibi. Umelalaje? Leo kuna upepo, vaa sweta."

"Sasa aliyepika ni nani?"

"Dada."

"Dada gani?"

"Dada wa alfajiri," akajibu Kongi, kama vile anataja muuza maziwa.

Geumrye akajisemea kwamba betri ya mwanasesere imekwisha, itabidi aombe nyingine kule kata. Lakini alipofika jikoni akakuta sufuria kubwa juu ya jiko, ile ambayo haijateremshwa tangu msiba wa Dalsu. Akaigusa. Ilikuwa na moto. Wali mweupe ulikuwa tayari umepikwa, upawa umelazwa juu ya kisahani vizuri kabisa. Ila umelazwa mpini ukitazama kushoto, na yeye hula, hukata na hupakua kwa mkono wa kulia.

Akampigia simu Okim.

*

Okim alikuja kwa kandambili na vibana nywele kichwani, maana anakaa uchochoro wa pili tu. Alianza kusema kabla hajavua viatu.

"Dada, mlango wako namba yake ya kufungulia ninayo, sikatai. Lakini miguu ya kuja kukupikia alfajiri sina. Umepika mwenyewe ukasahau!"

"Nasahau vipi sufuria zima?"

"Si ndiyo maana leo tunakwenda kukukaza huo mshono? Juzi umekuta viatu vyako vimelowa matope na hujui ulikokwenda. Wiki iliyopita umekuta kuku wamekwisha lishwa. Au unadhani kuku wa siku hizi wanajilisha?"

"Wale kuku si hata wangu."

"Najua si wako! Ni wa Mama Bongshim, na paka ni wa mwenye duka, na hilo pipa la kabichi ya kimchi ni la mke wa mwenyekiti. Wewe ukiombwa meno utang'oa utoe. Sijawahi kukusikia umesema sitaki, tangu nipate akili zangu."

Hilo lilikuwa kweli, na soko zima lilimpendea hilo. Geumrye aliuza mwani pale sokoni karibu na bandari, na kila mwenye mzigo usiobebeka alimwachia yeye. Alikuwa anakubali na kushukuru juu yake. Mwenyewe alidhani ndivyo alivyoumbwa.

Na huo mshono, basi. Nyuma ya sikio la Geumrye kuna kovu dogo kama punje ya ufuta. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, kama mama yake alivyomsimulia, aliteleza kwenye mawe akichuma mwani, akaumia kichwa, akawa hapati usingizi kwa majinamizi. Miaka hiyo ndiyo zahanati za bara zilikuwa zimeanza kushona watu vichwa. Wanapitisha uzi mwembamba kuliko unywele, wanagawa akili ya mtu kama unavyogawa chumba kwa pazia. Upande huu unaishi, na nyuma ya pazia wanatupa kile kinachokuuma. Wanawake wengi walishonwa. Wengine walishonwa kumbukumbu za vita, wengine za mabwana. Geumrye alishonwa kuanguka kwake, akaamka mpole, akalala vizuri, na maisha yakaendelea.

Ila uzi nao huchakaa. Tangu mwaka ulipoanza, wake ulikuwa unalegea. Okim ndiye aliyeipigia simu zahanati, Okim ndiye aliyepanga siku, na siku yenyewe ndiyo leo. Gari lingekuja baada ya chakula cha mchana. Walikuwa wamemweleza Geumrye kwa upole sana: uzi ukikazwa mara ya pili, kilichoko nyuma ya pazia kinakwisha moja kwa moja, wala hakitamsumbua tena. Naye, kama kawaida yake, alisema sawa na asanteni.

"Basi ngoja nikupakulie, ule kabla hatujaondoka," akasema Geumrye. "Chakula hakitupwi."

"Mimi? Hiyo kitu? Tumbo langu unalijua."

Geumrye akachukua upawa, akauzamisha, akainua. Mwani ukapanda na upawa. Akainua zaidi, ukazidi kupanda. Akanyoosha mkono mpaka usawa wa uso, na ule mwani bado unatoka sufuriani, mweusi, mrefu, unang'aa kama nywele za mtu aliyezama, wala mwisho wake hauonekani.

Haukukatwa.

Upawa ukamponyoka, supu ikaruka mpaka ukutani.

Mtu mwingine angeona ni uvivu wa mpishi tu. Lakini Geumrye alikuwa ameuza mwani tangu ujana wake. Mwani wa supu ya kuzaliwa unakatwa vipande vya kutosha kijiko, hata mtoto anajua. Ule mrefu, unaoning'inizwa peke yake nyuma ya duka, unafungwa kwa kamba ya majani, haukatwi, haukunjwi, na bei yake haipunguzwi hata mnunuzi apige magoti. Wanaume vijana wanakuja kuununua huku wamepauka midomo. Geumrye mwenyewe alikuwa amewachapa mikono wangapi, walipotaka kuukunja ili uingie garini! "Unataka kumkunja mkeo?" huwauliza. "Ubebe hivyo hivyo, nchi nzima ikuone!"

Ule ni mwani wa mzazi. Supu yake hapikiwi mtu mwingine yeyote ila mwanamke aliyetoka kujifungua.

"Okim," akasema taratibu. "Hii si supu ya siku ya kuzaliwa."

Geumrye akageuka kumtazama, na alichokiona usoni pa mdogo wake kilimtisha kuliko sufuria. Okim, ambaye hakuwahi kukosa neno hata kwenye mazishi, alikuwa ameganda. Macho yake yalikuwa yanatazama upande mwingine, kwenye pembe ya chumba cha kulala, mahali ambapo mlango wa kuteleza ulikuwa umeachwa wazi kidogo.

Pale pembeni, juu ya sakafu yenye joto, palipangwa bakuli la wali, bakuli la supu, na bakuli la maji safi. Ni sadaka ya Bibi wa Uzazi, mlinzi wa watoto wachanga, ambayo haiwekwi ila katika nyumba aliyozaliwa mtoto.

Geumrye alikuwa amepita kando yake alipoamka, asiione.

"Nani anajifungua humu ndani?" akanong'ona. "Okim! Nani anajifungua humu?"

"Tumwage," akasema Okim. "Tumwage haraka, Dada, tuoshe vyombo, tuvae, tukasubiri gari huko nje."

"Tafadhali msimwage," akasema Kongi kutoka juu ya kabati. "Dada ameomba msimwage. Tena ameacha kitendawili chako, Bibi."

*

Sasa lazima niseme kwamba Geumrye na vitendawili ni chanda na pete. Dalsu alimchumbia kwa vitendawili. Na alipoletewa yule mwanasesere, akiwa amekaa miezi hajaongea na mtu jioni, kitu cha kwanza alichomfundisha kilikuwa kutega na kutegua. Hata sasa ulimi ukamtangulia.

"Tega," akasema.

"Nakaa nyumbani mwako, nakula kwa mdomo wako, nalia kwa macho yako, na siku tukionana utaniuliza mimi ni nani."

"Dada, usijibu!" Okim akapiga kelele.

"Njaa," akasema Geumrye.

"Siyo njaa, Bibi."

"Usingizi."

"Siyo usingizi."

"Basi mnyoo!" akasema Geumrye, na kicheko kikamtoka, kile kicheko cha mtu anayeteleza kwenye barafu na bado hajaanguka. "Mnyoo wa tumboni! Nakupa mji, Kongi, chukua mji wowote, chukua Mokpo na treni zake. Niambie."

"Mji hautaki. Amesema ukishindwa nikusikilizishe."

Kifuani mwa mwanasesere pakakwaruza kidogo, na sauti ikatoka. Ilikuwa sauti ya Geumrye. Hakuna mwenye shaka, hata Okim hakuwa na shaka. Lakini ilikuwa imevuliwa miaka yote, nyembamba, ya haraka haraka, na ina ile lafudhi ya kijiji cha mawe alikozaliwa, ambayo Geumrye aliipoteza zamani.

"Sijui nikuite nani," ikasema. "Wewe ni mimi, lakini umenizidi umri, nikikuita Dada sijakosea. Mimi ni Geumrye. Nina miaka kumi na tisa. Sikuanguka kwenye mawe."

Geumrye akashika meza.

"Nilizaa. Alikuwa msichana, ana kidoa nyuma ya shingo kama tone la wino. Babake alikwenda jeshini hakurudi. Mama alisema mtoto apewe watu, nikasema sitaki. Wakaja wa kutoka kanisani wakanisihi, nikasema sitaki. Niliwauma mikono. Wakanishona kabla titi halijakauka. Dada, mimi sikulala huku nyuma. Walidanganya kwamba unalala. Nilisikia yote. Nilisikia ukiolewa. Nilisikia Dalsu akikutania kwamba unakoroma kama mashua, nikacheka, hukunisikia. Siku mliporudi kutoka kwa daktari mnalia kwamba tumbo lako halijui kuzaa, nilipiga kelele mpaka nikakaukiwa: linajua! Linajua!"

Okim alikuwa amekaa chini, viganja usoni.

"Leo mnanimaliza, nimesikia mkipanga. Ukitaka, basi, siwezi kukuzuia, nguvu ninazo kidogo tu na zinakwisha kukipambazuka. Lakini leo ndiyo siku aliyozaliwa mwanangu. Na mimi supu yangu sikuila. Kila mwanamke anaila. Nimeamka nimepika, ila kila nikishika kijiko, unaamka wewe. Kama hutaki kunijua, usinijue. Nilishe tu."

Sufuria ikatoa povu moja dogo, puu.

Geumrye alitazama mikono yake. Huu wa kulia ulikuwa umefunga mafungu ya mwani, umepika, umemfumba Dalsu macho. Huu wa kushoto, sasa ndipo alipouona, ulikuwa na matope makavu kwenye kucha, na malengelenge mapya ya mafuta ya moto. Mkono wake mwenyewe umeungua na yeye hana habari! Akaurudisha nyuma ya mgongo haraka, kama mtu aliyemkuta mgeni kitandani.

"Kongi," akasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Bibi. Kata walinipa mtu mmoja wa kumtunza. Nilikuta wawili, nikaona ni vizuri, hamtakuwa wapweke. Wewe una mkono wa kulia, Dada ana wa kushoto. Nyote mnapenda vitendawili."

"Mimi sijawahi kutumia mkono wa kushoto!"

"Ulitumia," akasema Okim kwa sauti ndogo. "Ulikuwa wa kushoto tangu kuzaliwa. Mama alikuwa anakufunga kitambaa mkono ule wakati wa kula, nawe unakifungua kwa meno. Baada ya zahanati hukuhitaji kufungwa tena."

*

Geumrye hakulia. Watu hudhani mtu akipigwa na habari kama hiyo analia, lakini machozi yanahitaji nafasi ya kupita, na yeye kila mlango ulikuwa umejifunga. Alibaki anatikisa kichwa polepole. Alipofungua mdomo, alisema jambo la kipuuzi.

"Kwa hiyo mwani wa nani nimekuwa nikiuza miaka yote? Nimewauzia wanawake wa kisiwa kizima. Nimewaambia, kuleni, mtapata nguvu, mtapata maziwa. Na mimi—"



"Nilikuwa na miaka kumi na mbili," akasema Okim. "Mama alinikataza. Alisema nikikwambia uzi utakatika na wewe utakufa. Nilikuwa mtoto, Dada, ningejuaje? Halafu nikakua, ukawa unacheka, ukaolewa na mtu mzuri, nikasema ya nini kuchokonoa."

"Mama hakunipikia hata supu?"

Okim akafunga macho.

"Alipika. Alikuwa mama, hata yeye. Alipika sufuria zima, mwani mrefu, hakuukata. Halafu watu wa zahanati wakapiga simu, wakasema usile kitu chochote kitakachokukumbusha. Mama akaibeba akaiweka nje nyuma ya nyumba, kwenye baridi, hakuwa na moyo wa kuimwaga. Na mimi nilikuwa na njaa. Walikuwa wanashughulika na wewe, siku tatu hakuna aliyekumbuka kunipa chakula. Nikatoka nje nikaila. Niliila mimi, Dada. Nilikula supu yako yote, imepoa, na ule mwani ulikuwa hauishi, nauvuta nauvuta, nikatapika, nikaendelea kula."

Geumrye alimtazama mdogo wake, mwanamke wa makamo mwenye vibana kichwani, ambaye kwenye kila sherehe husukuma bakuli pembeni akisema tumbo, tumbo. Miaka yote hiyo. Hakujua amkumbatie au amrushie kitu.

"Na mtoto?"

"Sijui. Naapa sijui. Gari lilikuja likamchukua, alikuwa amefungwa kwenye blanketi la manjano. Kwamba ana kidoa shingoni, nilikuwa hata mimi nimesahau."

Hapo ndipo mshtuko wa kweli ulipomfika, kwa maana mengine yote yalikuwa yamemgonga kutoka nje, na hili lilitokea ndani. Walipogawa akili yake, hawakutenga maumivu. Maumivu gani hayo, msichana alikuwa anataka mtoto wake tu! Walimtenga yule aliyekataa. Walimchukua Geumrye anayesema sitaki, wakamfungia nyuma ya pazia, na huyu aliyebaki nje, anayelea kuku wa watu na kushukuru, yeye ndiye masalio. Aliachwa kwa sababu hakusumbua. Maisha yake yote alikuwa akijiona ni mtu mzima mwenye kovu dogo. Kumbe yeye ni nusu, tena nusu waliyoichagua wengine.

"Ile nusu iliyokubali ndiyo mimi," akasema kwa sauti. "Nilimwacha akaenda. Mimi, huyu huyu."

"Hukujua!"

"Nilipozinduka zahanati walinipa karatasi, sikuisoma, nikasema sawa na asanteni. Mkono huu ndio uliotia sahihi, Okim. Wa kulia."

*

Gari lilifika kabla ya wakati. Lilikuwa gari jeupe la zahanati, lisilo na dereva, na ndani yake mlikuwa na muuguzi kijana, Pyo, mwenye tabasamu la kazini na kiatu kimoja kikilia kila anapokanyaga. Aliinama mlangoni kwa adabu.

"Mama, shikamoo. Tuko tayari? Ni dakika chache tu, hata kovu halitaongezeka. Jioni unarudi, unakula chakula chako, hukumbuki hata kwamba kulikuwa na tatizo."

Okim alisimama, akamshika dada yake kiwiko.

"Twende, Dada. Nakuomba. Nimefikiri. Ukiuacha uzi ukafumuka utayapata yote kwa mpigo, na kuzaa kwake, na kumtafuta kwake, na wewe huna tena miaka ya kubeba. Utasahau hata Dalsu ni nani. Utalia mpaka ufe, na mimi nitabaki na nani?"

"Hilo la kusahau ni kweli?" Geumrye akamuuliza muuguzi.

Pyo akakwaruza sikio. "Inategemea, Mama. Wengine huchanganyikiwa. Wengine… kusema kweli, wengi hawajawahi kutuambia, kwa sababu wanakuja kukazwa kabla. Mama ukubali tu, ni salama."

Ukubali tu. Geumrye aliyajua maneno hayo, yalikuwa yamemlea. Aliona kabisa jinsi kichwa chake kinavyojiandaa kuinama, jinsi shukrani inavyopanda kooni yenyewe bila kuitwa. Angekubali. Angevaa koti, na jioni angerudi kwenye nyumba safi, mtu mmoja, na Kongi angesema mbona Dada haji tena. Na kesho sokoni angeuza mwani mrefu na kuwachapa vijana mikono, anacheka.

"Ngojeni kidogo," akasema. "Kuna mtu hajala."

Akaingia jikoni. Akalichukua bakuli lile kubwa la harusi yake. Hakutumia upawa, akainamisha sufuria taratibu ili mwani uteleze wote bila kukatika. Akapiga magoti mbele ya sadaka ya Bibi wa Uzazi, akainama mara moja, kisha akaketi sakafuni, akashika kijiko kwa mkono wa kulia.

"Haya mwanangu," akasema, na hakujua anamwambia nani, maana aliyekuwa akimlisha alikuwa binti kwa umri na alikuwa yeye mwenyewe. "Kula. Imechelewa, lakini ina moto."

Akameza ya kwanza. Ilikuwa na chumvi kidogo, kama wanavyopika kijiji cha mawe. Akameza ya pili. Mwani ukamwingia kinywani mrefu, akauvuta, ukaja, akauvuta. Pyo alitazama saa yake. Okim alikuwa ameuegemea ukuta, analia waziwazi kama yule mtoto wa miaka kumi na mbili aliyesahauliwa bila chakula.

Katikati ya bakuli, Geumrye akaona kijiko kiko mkono wa kushoto.

Hakukumbuka kukihamisha. Mwili ukamsisimka wote, kuanzia kisogo hadi nyayo, na alitaka kukiangusha. Hakukiangusha. Akautazama mkono ule ukienda na kurudi, kwa ufundi, kwa njaa, kama mkono uliofunguliwa kitambaa sasa hivi. Na nyuma ya sikio, palipo na kovu, akasikia kitu kinateleza polepole, kama uzi unaochomolewa kwenye nguo iliyoshonwa vibaya. Pakaja blanketi la manjano. Pakaja uzito, uzito mdogo wa joto, hapa, kwenye mkunjo wa mkono. Pakaja tone la wino juu ya ngozi nyeupe. Sauti ikamtoka, si kilio wala kelele, ni ile pumzi ya mtu aliyetoka chini ya maji.

Dalsu alikuwepo bado. Alimtafuta kwanza, kwa hofu, akamkuta palepale, anatania kuhusu mashua. Na nyuma yake msichana alikuwa anacheka.

"Mama?" Pyo akasogea, kiatu kikalia. "Mama, tusiendelee kuchelewa. Sema sawa, nikushike mkono."

Geumrye akaweka kijiko chini. Bakuli lilikuwa jeupe, hamna hata tone. Akafuta mdomo kwa mkono wa kushoto, akamtazama yule kijana bila chuki.

"Sitaki," akasema.

Neno lilitoka na kutu, kubwa kuliko alivyodhani, likapiga ukuta likarudi. Okim akaacha kulia kwa mshangao. Pyo akaangalia huku na huku kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyesema.

"Samahani, Mama?"

"Sitaki. Nenda salama, baba, kumbuka kutia mafuta hicho kiatu. Na wewe Okim, acha kutikisika, njoo ukae. Kuna mtu wa kutafuta, ana kidoa hapa, na leo ni siku yake, na hatujui hata kama ana mtu wa kumpikia. Tutaanzia wapi?"

Juu ya kabati, Kongi alikuwa amegeuza kichwa chake cha kitambaa upande huu, kisha upande ule, kisha tena upande huu. Mwanasesere yule alikuwa hajawahi kukosea hata siku moja kumjua nani ni nani.

"Bibi," akasema hatimaye, kwa sauti yake ya chekechea. "Au Dada. Nimesikia mtu amesema sitaki. Nimeshindwa kumjua ni nani. Nawapa mji."